Mustang ya Baba Isiyo na Kioo cha Kulia

Mwezi uliopita kijana wa jirani zetu hapa Al Khoudh, Muscat, alinunua gari, Mustang mpya. Sikuiona kwanza, niliisikia. Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, na ule mngurumo mzito, ambao mtu huusikia kifuani kabla haujafika masikioni, ukaingia mtaani polepole ukasimama mbele ya geti lao. Mikono yangu ikawa baridi. Mume wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia vitunguu vinaungua. Na kweli vilikuwa vinaungua.

Baba yangu alikuwa na Mustang. Si kama hii ya jirani, yenye skrini kubwa kama televisheni. Yake ilikuwa ya toleo la mwanzo kabisa, rangi ya samawati iliyofifia, viti vya reksini nyekundu vilivyounguza mapaja wakati wa joto. Aliinunua kwa mhandisi mmoja wa Kimarekani aliyekuwa anarudi kwao, ikiwa imelala miaka chini ya turubai na kuku wametaga ndani yake. Kabla sijazaliwa, jioni zake zote za mapumziko alizimalizia mtaa wa Ghala, kwenye gereji, mpaka gari ikawaka. Mama alikuwa akisema kwamba alipoolewa alidhani ameolewa mke wa kwanza, kumbe ni wa pili.

Nyinyi mliokua Muscat wakati mmoja na mimi mtakumbuka Ijumaa zetu. Asubuhi barabara kuu ilikuwa tupu, na baada ya sala familia nzima nzima zikajazana magarini kwenda kula kwa bibi. Sisi tulikaa Khuwair ya Kusini, ghorofani juu ya duka la fundi wa kanzu. Bibi yangu mzaa baba alikaa Al Khoudh kwa ami yangu. Ami alikuja asubuhi kumchukua Mama na mdogo wangu, ili Mama akamsaidie Bibi jikoni, na tena Mama hakuipenda Mustang kwa sababu haikuwa na AC. Mimi nilibaki nikimngoja Baba atoke msikitini. Tulikwenda sisi wawili, madirisha wazi, na harufu ya petroli ikitujaa puani.

Njiani alinihadithia habari za gari ile. Watu wengine hujua nasaba za koo zao mpaka babu wa saba. Baba alijua nasaba ya Mustang. Aliiona mara ya kwanza akiwa mtoto Unguja, picha iliyochanwa kwenye gazeti na kubandikwa ukutani kwa kinyozi, na akaapa moyoni.

"Haikuzaliwa tajiri," alipenda kuanza hivyo. "Kiwanda kilichukua gari ya kawaida, ya kupelekea watoto skuli, ikavishwa bodi mpya. Boneti refu, mgongo mfupi. Wakaionesha kwenye maonesho makubwa New York, na watu wakavamia maduka. Vijana walioingia kazini mara ya kwanza, walimu, makarani. Kila mtu aliiona ni yake."

"Na farasi?"

"Farasi wa porini, asiye na mwenyewe. Ndiyo maana ya jina lake. Mtazame pale mbele, anakimbilia kushoto."

Kisha akanieleza jinsi kila mwaka ilivyoongezwa ukubwa na injini, mpaka ikawa nzito na yenye kiburi. Waarabu walipozuia mafuta, Wamarekani wakapanga foleni kwenye vituo vya petroli, na kiwanda kikatoa Mustang ndogo, dhaifu, ambayo watu waliicheka. Hapo Baba alikuwa akicheka peke yake. "Petroli ya huku kwetu ndiyo iliyoifupisha," alisema, kama mtu anayesimulia ugomvi wa ndani ya familia.

Mchezo wetu ulianzia kwenye hadithi hizo. Siku moja tunatoka Khuwair aliniambia nikae wima. "Gari hizi za mwanzo waliuziwa vijana, kwa hiyo vitu vingi viliachwa. Kioo cha kutazamia nyuma ulipewa cha upande wa dereva tu, kushoto. Cha kulia ukikitaka, unaongeza pesa. Aliyeinunua hii hakuongeza. Sasa wewe ndiye kioo changu cha kulia. Kila kinachokuja upande wako, niambie."

Nilikuwa na umri wa darasa la pili. Hakuna aliyewahi kunipa kazi kubwa kama ile. Nikamwambia lori, nikamwambia teksi, nikamwambia mbuzi, na kila mara akajibu "Ahsante, kioo." Nilifika kwa Bibi kichwa juu, nikawahadithia binamu zangu, wakaniona nimekwisha kuwa mtu mzima.

Sijui ni lini hasa mchezo ulibadilika. Kwanza ulikuwa upande wa kulia tu. Kisha akaanza kuniuliza taa za barabarani zina rangi gani. Kisha akawa ananiuliza kama gari ya mbele imesimama au inakwenda. Nami nilijibu upesi, kwa sababu sauti yake, ambayo zamani ilikuwa ya mzaha, sasa ilikuwa ikiniuliza kweli.

Na gari ikaanza kuumia. Ilikwaruza nguzo ya geti la Ami. Ikagonga pipa la takataka lililokuwa limesimama mahali pake siku zote. Madigadi ya kulia ikapinda kwenye ukuta wa gereji ya Ghala, na mafundi wakatoka kutazama. Kila mara Baba alikuwa na jawabu, na kila jawabu lilitoka kwenye historia ya gari. Taa za wakati ule hazikuwa na nguvu. Breki za wakati ule zilikuwa za ngoma, huchelewa kushika. Boneti refu mno, dereva haoni pua yake.

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Nikaona kwamba gari yetu ni mbovu tangu kuzaliwa, kwamba walioitengeneza walikuwa na haraka ya kuiuza, na kwamba ndani yake mna kitu kisichotaka kupandwa. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikuwa nalala nikimwona yule farasi wa kwenye grili akigeuza shingo. Niliamini kwamba siku moja atamuua baba yangu, na kwamba mtu pekee wa kumzuia ni mimi, kwa macho yangu.

Kwa hiyo sikupepesa. Kutoka Khuwair mpaka Al Khoudh nilishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili na kutazama barabara mpaka macho yakatoka machozi kwa upepo. Nikifika kwa Bibi nilikuwa sina hamu ya kula. Pilau iliwekwa mbele yangu, nami nafikiria safari ya kurudi.

Bibi aliliona hilo. Ijumaa moja, wengine wakiwa barazani na kahawa, aliniita jikoni, akakaa kwenye kibao cha mbuzi na kunivuta magotini pake.

"Mbona huli siku hizi?"

"Nimeshiba, Bibi."

"Huo uongo. N'nakuuliza jambo, na unijibu kweli. Baba yako, jioni, huona vyema?"

Lile swali lilinishangaza. "Anaona, Bibi. Gari ndiyo mbovu. Haina kioo."

Alinitazama kwa muda, mkono wake ukiwa juu ya kichwa changu, mzito. Kisha akasema, "Haya, mwanangu. Mwambie baba yako atoke mapema, kabla jua halijazama."  Lakini Baba tayari alikuwa na desturi ya kuondoka mara tu baada ya sala ya alasiri, hata kama mazungumzo yamenoga, hata Ami akimtania kwamba anakimbilia wapi na mke wake yuko hapa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimvuta kanzu.

Ijumaa ninayotaka kuisimulia, kulikuwa na wageni kutoka Unguja, wazee waliosoma pamoja na Baba. Walifika wakati tunajiandaa kuondoka, na hapakuwa na njia ya kuwaacha. Halwa ikaletwa, kahawa ikaletwa tena. Nilikaa kizingitini nikitazama kivuli cha ukuta kikivuka uwanja. Baba naye alikuwa akitazama. Kila dakika chache aligeuza uso kuelekea dirishani, na nilijua anaangalia ninachoangalia mimi. Ami akampeleka Mama na mdogo wangu nyumbani. Sisi tulipoinuka, wageni walikuwa wakitia udhu kwa sala ya magharibi.

"Lala hapa," Bibi alimwambia pale mlangoni.

"Kesho nna kazi, Mama."

"Kazi haitakimbia."

Akambusu mkono, akacheka, akanifungulia mlango wa gari.

Tukaondoka. Hakukuwa na habari za New York wala za foleni za petroli. Alikwenda polepole sana, gari zikitupigia honi na kutupita, na mimi nikisema tu: lori, gari ndogo, gari ndogo, basi. Mbingu ilikuwa bado ina mwanga kidogo upande wa milima, lakini barabarani kila kitu kilikuwa rangi moja ya jivu. Tukafika kwenye raundabauti ya kuingilia kwetu, ambako kwa kawaida mimi huanza kupumua.

Kulikuwa na mtu. Kibarua, amevaa kanzu fupi nyeupe na suruali nyeupe, anasukuma baiskeli yenye mfuko umening'inia kwenye usukani. Alitokea upande wangu, akaanza kuvuka.

"Baba, mtu."

"Wapi?"

Alikuwa mbele yetu. Hakuwa tena upande wa kulia ambako hakuna kioo, hakuwa nyuma ya boneti. Alikuwa katikati ya taa zetu, mweupe kama shuka iliyoanikwa, amegeuka kututazama. Na baba yangu, macho yameelekea mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, ananiuliza wapi.

Nilipiga ukelele. Sikusema neno, ni ukelele tu, na Baba akakanyaga breki kwa mguu mzima na kuukata usukani. Gari ikapanda ukingo, ikagonga kitu chini, injini ikazimika. Baiskeli ilikuwa imelala barabarani. Machungwa yalikuwa yanaviringika.

Baba alishuka. Nilimwona akitembea kwa haraka kuelekea kule, mikono ameinyoosha mbele kidogo, akisema kwa Kiarabu, "Umeumia? Ndugu yangu, umeumia?" Yule mtu alikuwa ameketi ukingoni, anasugua goti. Baba akampita. Alimpita karibu kabisa, kanzu yake ikamgusa yule mtu bega, akaenda akasimama hatua chache mbele, akiiuliza hewa kama imeumia.

Mpaka leo, nikiulizwa ni lini nilijua, jibu langu ni hapo. Si kwamba nilielewa jina la ugonjwa, wala kwamba macho yanaweza kufunga kutoka pembeni kama pazia huku katikati, mchana, bado yanasoma gazeti, na giza likiingia yasione hata kilicho mbele. Nilielewa kwamba gari haikuwa na kosa lolote. Na badala ya kupata nafuu, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu farasi ningeweza kumlinda Baba naye, lakini hili sikujua nilishike wapi.

Yule mtu hakuwa ameumia, alhamdulillahi, ila goti lilichunika. "Mafi mushkila, mafi mushkila," alirudia, hakuna tatizo, akitamani zaidi kuondoka kuliko kulaumu mtu. Nikamsaidia kuokota machungwa. Baba akamtaka radhi mara nyingi, sasa akiwa ameipata sauti yake na kuigeukia. Yule mtu alinitazama mimi, akamtazama Baba, akanitazama tena mimi, kisha akaichukua baiskeli yake na kwenda nayo kwa miguu.

Tukabaki wawili. Baba akapapasa mlango, akakaa kwenye kiti chake miguu ikiwa nje.

"Nyumbani ni hapo tu," alisema. "Barabara mbili. Twende polepole. Wewe utaniambia."

"Siingii, Baba."

"Mwanangu."

"Siingii."

Sikuwahi kumwambia hapana. Katika nyumba yetu mtoto hakumwambia mzazi hapana, na hasa si Baba, ambaye hakuwa akituchapa wala kupaza sauti, kwa hiyo hukupata hata sababu ya kumkatalia. Nilisimama kwenye mchanga nikingoja akasirike. Magari yalizunguka raundabauti na taa zao zikampitia usoni, na nikaona kwamba anajaribu kunitafuta niko wapi.

"Wewe uko sahihi," akasema mwishowe. "Njoo unishike mkono."

Kulikuwa na kituo cha petroli upande wa pili. Nilimvusha. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho, na katika kila ukingo nilimwambia "panda", "shuka". Aliomba simu kwa mfanyakazi wa pale, akampigia Mama. Nilisikia akisema, "Hapana, hajaumia. Mimi pia sijaumia. Njoo tu. Nitakwambia ukija."

Mama alikuja kwa teksi, baibui amelivaa juu ya nguo za nyumbani, mdogo wangu amemwacha kwa jirani. Alinishika uso, akanigeuza kushoto na kulia. Kisha akamtazama Baba, na hakuuliza neno mbele ya watu. Tukarudi kwenye gari. Mama alikuwa na leseni, akiendesha gari ya ndugu yake mara moja moja, lakini Mustang hakuwahi hata kuikalia kiti cha dereva. Akasogeza kiti mbele mpaka kikakwama, akavua viatu, akaiwasha. Mimi nilikuwa nyuma. Mbele, kwenye kiti changu, alikaa Baba.

"Tangu lini?" Mama aliuliza, bila kutoa macho barabarani.

"Daktari aliniambia kabla huyu hajaanza skuli."

"Alikwambia usiendeshe?"

 Mama akaishusha gari kutoka kwenye ukingo, taratibu, bampa likikwaruza.

"Marehemu Baba yangu alikuwa hivi hivi," Baba akasema. "Jioni alipita watu njiani bila kuwaamkia, wakasema anajidai. Aliona bora waseme anajidai."

"Na wewe ukaona bora nini?"

 Mama alikuwa analia bila sauti, nilimwona kwenye kioo cha ndani, lakini aliiendesha gari ile vizuri kabisa, na aliiegesha sawasawa chini ya ghorofa yetu, kitu ambacho Baba hakukiweza kwa muda mrefu.

Siku zilizofuata zilikuwa za hospitali. Baba alikaa chumba cha giza na mashine za macho, na baada yake tukakaa mimi na mdogo wangu, kidevu juu ya kibao, tukitazama nukta za mwanga. Mama alisimama nyuma yetu akisoma dua. Nilielewa kwa namna ya kitoto kwamba kitu kile kinaweza kuwa kimo ndani yangu pia, kimelala. Kwa miaka nilikuwa nikizima taa ya chumbani na kunyoosha mkono, nikiona kama vidole vyangu bado vipo. Macho yetu yalionekana salama, na mpaka sasa yako salama. Wanangu nao nimewapima.

Baba hakuendesha tena. Mustang ilikaa chini ya ghorofa miaka mingine, Mama akiizungusha mara moja kwa wiki ili injini isife. Baadaye Baba aliiuza kwa mtu wa Nizwa aliyekuja na wanawe wawili, na akamhadithia yote: kinyozi wa Unguja, maonesho ya New York, Mustang ndogo iliyochekwa, na jinsi kiwanda kilivyokaribia kuibadilisha kuwa gari nyingine kabisa, mashabiki wakapinga mpaka ikabaki. Alisema amesikia inatengenezwa upya kwa umbo la zamani, na akauliza kama ni kweli inafanana. Wale vijana wakamwambia inafanana sana. Alifurahi.

Mimi nilijifunza gari nikiwa nimemaliza skuli, kwa gari ndogo ya Mama. Mara ya kwanza nilipompeleka Baba peke yetu ilikuwa kliniki ya macho, na wakati ule alikuwa akiona mwanga na kivuli tu. Tulikuwa hatujatoka hata Al Khoudh, tulikohamia ili tuwe karibu na Bibi, nilipoona ameshika kishikio cha mlango na vidole vimekuwa vyeupe.

"Unaogopa, Baba?"

"Sana," alisema. "Sikujui unavyoendesha. Sijui kinachokuja." Tukaenda kidogo. "Hivi ndivyo ulivyokuwa ukijisikia?"

"Ndiyo."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa, Baba."

 Tulikuwa tunaikaribia njia ya kutokea chuo kikuu aliposema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nisamehe, mwanangu."

Nikamwambia asubiri kidogo, basi la wanafunzi lilikuwa linaingia mbele yangu. Akasubiri, uso ameuelekeza mbele. Basi lilipopita nikamwambia nimeshamsamehe, na nilipoyatamka maneno yale nikaona kuwa ni kweli. Akaachia kishikio cha mlango. Baada ya muda akakishika tena, nami nikapunguza mwendo.